Re: Mtoto wa dadangu hana cheti cha kuzaliwa, shule imemkataa

Pole sana ndugu. Umeuliza kama hedimasta ana haki kumrudisha mtoto nyumbani juu hana cheti cha kuzaliwa, na nyinyi ni Wanubi wa Kibera, jamii yenye asili ya Sudan hapa Nairobi. Kisheria hana. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, haisemi mtoto mwenye makaratasi peke yake.

Shida iko kwa pesa. Shule zimekua zikiambiwa zisajili watoto kwa sistimu ya serikali ya kuhesabu wanafunzi na ile sistimu imekua ikitaka namba ya cheti, sasa mtoto asipoingia huko serikali haimhesabu, ile shilingi 22,244 ya mwaka ambayo serikali hutengea kila mwanafunzi wa sekondari haiji shuleni, ndo maana hedimasta anaanza kukuzungusha na "njoo wiki ijayo".

Halafu hii shida ya Wanubi na vyeti ni ya kitambo. Kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua 2011 kwamba Kenya inawakosea watoto wa Kinubi, elimu ikiwemo, na bado tuko hapa, aibu kwa kweli.

Sasa fanyeni hivi: mwombe usajili wa kuchelewa hapo kwa ofisi ya vyeti, beba kadi ya kliniki, barua ya chifu na ya shule aliyosoma mwanzo. Wakianza kuwauliza kabila waambie cheti cha kuzaliwa si uthibitisho wa uraia, imeandikwa kwa hicho cheti chenyewe. Na msingoje, mtihani wa KNEC (baraza la mitihani la Kenya) pia unataka hiyo namba ya cheti.