Fundi, mbona fomu inagoma?

SWALI: Habari za leo fundi. Mie nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma mjini, nachapa, natoa kopi, najazia watu maombi ya vyuo na kazi. Siku hizi kuna tovuti zikifunguka zinakuwa nyeupe tupu, au mtoto wa watu anajaza mpaka mwisho halafu kitufe cha kutuma hakibonyezeki, wateja wananiona mi ndo sijui kazi. Nimebadili laini, nimeweka bando kubwa, wapi. Kijana mmoja kaniambia brauza imezeeka, mi najua natumia Google tu. Nifanyeje?
– Mama Stesheneri, Mwanga

JIBU: Shikamoo mama, pole na lawama. Huyo kijana kasema kweli kabisa. Ila Google ni ile sehemu ya kutafutia tu, brauza ndo programu yenyewe inayokufungulia hizo kurasa, zipo Chrome, Firefox, Edge, Opera, na Safari kwa wenye vitu vya Apple. Yako nahisi ni Chrome. Ili ujue, juu kulia kuna vidoti vitatu, bonyeza, shuka mpaka Usaidizi halafu Kuhusu Google Chrome, itatokea namba ndefuu, we soma ile ya kabla ya nukta ya kwanza tu.

Naotea utakuta 109. Sio uganga mama, kompyuta nyingi za stesheneri nilizoshika hapa mjini bado zina Windows 7, yaani ule mfumo wa zamani unaoendesha kompyuta yenyewe, na Chrome 109 ya mwanzoni mwa 2023 ndo ya mwisho kuikubali hiyo Windows, kwahiyo hata ukibonyeza apdeti mpaka treni ya Dar ifike haisogei. Huku wewe umesimama wenye tovuti wanaendelea kuandika kwa mitindo mipya, sasa brauza yako inafika kwenye mstari isiyouelewa inaishia hapo hapo, ndo unaona ukurasa mweupe au kitufe kimekufa. Bando halihusiki hata kidogo, hiyo hela bora ungenunua dagaa.

Kwa leo leo jaribu Firefox toleo la 115, hilo ndo la mwisho kwa Windows 7 na Mozilla, wenye Firefox yao, waliendelea kulibandika viraka vya usalama hata baada ya Chrome kuondoka. Ila ni plasta tu. Dawa ni kubadili Windows, Microsoft wenyewe waliiacha 7 tangu Januari 2020. Kama mashine ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB weka angalau Windows 10, nayo wameistaafisha Oktoba 2025 lakini Chrome na Firefox bado zinaikubali, na ukiweza kupata mashine ya 11 usijiulize mara mbili.

Halafu kitu kimoja watu wanakisahau, angalia tarehe ya kompyuta! Kibetri cha ndani kikifa, umeme ukikatika kidogo tu tarehe inarudi miaka ya nyuma huko, na brauza itagoma inakwambia muunganisho si wa faragha hata kama ni mpya kabisa. Nimeshaitwa kutengeneza "virusi" kumbe ni kibetri cha kama sarafu.

SWALI: Kaka fundi nipo Kibirizi nauza dagaa, jana nacheki mpira kwenye tovuti ya bure ikaruka meseji eti brauza yako imepitwa na wakati apdeti sasa hivi, nikabonyeza likashuka faili. Nilifungue?

JIBU: Usilifungue mdogo wangu, lifute sasa hivi. Brauza ya simu unaiapdeti mwenyewe Play Store, unaandika Chrome, ukiona neno Sasisha unabonyeza, ukiona Fungua ujue uko sawa, tovuti ya mpira haiwezi kukuhurumia kiasi hicho. Kama ulishaliinstoo, ingia orodha ya programu ulitoe, halafu kwa simu nyingine badili namba ya siri ya pesa. Na kama Play Store haikupi apdeti kabisa angalia Android yako kwenye Kuhusu simu, maana kuanzia Chrome 139 ya 2025 wanataka Android 10 kwenda juu.

SWALI: Opera Mini na Chrome ipi inakula bando kidogo? Wa Ujiji.

JIBU: Opera Mini, haina mpinzani hapo. Ukiiweka kwenye ule ubanaji mkubwa, ukurasa unapitia kwanza kwenye mitambo yao, unakamuliwa, unaletewa ulioshaminywa. Ndo maana kusomea habari ni tamu hata mtandao ukiwa wa kuvizia. Lakini ubaya wake ni huo huo, fomu nyingi zinavunjika humo, na mimi binafsi mambo ya benki sipendi yapite kwa mtu wa tatu. Kwahiyo mi ninazo mbili kwenye simu, Opera Mini ya kusomea magazeti na Chrome ya kujazia fomu, na kuziapdeti nasubiri usiku nikiwa na wifi ya jirani (anajua, tumeongea).