Anakoroma halafu pumzi inakata, moyo uko salama?

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mume wangu akilala anakoroma halafu kimya, pumzi imekata, mpaka ashtuke. Kapimwa usingizi Mombasa, kaambiwa pumzi inakatika mara 34 kwa saa. Je moyo utaharibika? Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mama. Kuanzia 30 tunahesabu ni kali, lakini msiishike hiyo namba peke yake, maana watu wawili wenye 34 mmoja oksijeni inashuka kidogo tu na mwengine inashuka sana na kukaa chini muda mrefu, na huyo wa pili ndo ananitia wasiwasi. Kwa hiyo rudini na ripoti muulize oksijeni ilishuka hadi ngapi. Halafu apimwe presha (hasa kama haishuki na dawa), sukari, kolestro, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) maana mapigo ya moyo kwenda ovyo hutokea sana kwa watu wanaokatika pumzi usingizini. Sigara anavuta? Mashine ya hewa (CPAP, inasukuma hewa kwa barakoa usiku ili njia ya pumzi isizibe) avae, inapunguza usingizi wa mchana na presha kidogo, ila utafiti mkubwa wa SAVE wa 2016, kwa watu waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba inazuia shambulio la moyo, so dawa za presha asiache. Kifua kikibana, hospitali saa hiyo hiyo.