Pamba kwenye tawi, utando mchangani: ni nini kimeota katika akwariamu yangu?

SWALI: Tangi langu la lita 60 lina wiki tatu. Nilichota maji ziwani kwa bidoni, nikapanga mawe ya volkano, tawi kavu na mimea niliyong'oa ufukweni, kisha nikaweka samaki sita. Sasa tawi limeota pamba nyeupe, majani yana vumbi la kahawia, mchanga umefunikwa na utando wa kijani unaoteleza, na kwenye kioo kuna vijiti vidogo vyenye mikono. Muuza samaki anasema nitie dawa ya kuua mwani. Nitie?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Usitie, ndugu yetu. Kati ya hivyo vinne, mwani ni kimoja tu, nacho huondoka chenyewe.

Huyo ni vumbi la kahawia: dayatomu, mwani wenye ganda la silika, mgeni wa kila tangi jipya. Pangusa kwa kitambaa kisichoguswa na sabuni. Kwa kawaida hupungua ndani ya miezi miwili.

Pamba ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki ndani ya mti. Haidhuru samaki. Toa tawi, lisugue kwa mswaki, na kama linaenea sufuriani lichemshe saa moja. Pamba ikirudi, sugua tena. Baada ya wiki chache chakula chake kitakwisha. Ila bonyeza tawi kwa ukucha: likiwa laini na linanuka, limeoza, litupe.

Utando wa mchangani ndio wenye kazi. Inua ukingo wake kwa kijiti. Ukitoka kipande kizima kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na ukiunusa unapata harufu ya matope, hiyo ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Mwani wa kawaida hutoka nyuzi nyuzi. Sianobakteria hustawi pale uchafu unapolala, maji hayatembei na taa inawaka mchana kutwa. Unyonye kwa mpira mwembamba pamoja na lita 20 za maji, ujaze mengine, kisha zima taa na ufunike tangi kwa blanketi siku 3 kamili, bila kuchungulia wala kulisha. Pampu isisimame kamwe, kwa sababu utando unaokufa huoza na kumaliza oksijeni. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, dakika chache kila baada ya nusu saa. Ukifunua, badilisha tena lita 20, na tangu hapo taa iwake saa 6 tu kwa siku. Wengi huacha hatua hii ya mwisho, na utando hurudi.

Vijiti vyenye mikono viguse kwa kijiti cha meno. Kikijikunja kuwa kidonge, ni haidra, mnyama wa milimita chache aliyekuja na mimea yako. Hula wadudu wadogo wa majini na vifaranga vya samaki. Samaki wakubwa hawawezi. Usiwakate wala kuwasaga kiooni: Abraham Trembley alionyesha tangu miaka ya 1740 kwamba kipande cha haidra huota kuwa haidra mzima. Wanyonye kwa mpira na upunguze chakula cha ungaunga, maana kinawalisha wadudu wanaoliwa nao. Mimea mingine utakayoleta, ikalishe kwanza wiki mbili kwenye ndoo nyeupe uikague.

Kinachotutia hofu zaidi ni samaki sita katika tangi changa. Bakteria wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na uchafu unaooza, huhitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa, na maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) karibu na 9. Katika pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9 inapita robo. Ndiyo maana dawa ya mwani ingeweza kuwaua samaki: kila kinachokufa na kuoza humo huzidisha amonia. Lisha kidogo kila siku ya pili, badilisha lita 10 kila siku mbili, na samaki akihema juu ya maji badilisha lita 20 papo hapo. Maji ya bomba yakae wazi saa 24 ili klorini itoke. Ya mvua yaache, kwa kuwa moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi na floridi.