Mwanangu, kuhusu ngazi na moyo wako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama uache lifti uwe unapanda ngazi hadi ofisini kwenu ghorofa ya 6, maana ukifika ya 3 tu moyo unakwenda mbio, na mwenzako kazini amekutisha kwamba unauchosha bure. Panda, mwanangu. Ila nisome mpaka mwisho kwanza.

Moyo kwenda mbio na kuhema ni kawaida. Ukipanda, unaubeba mwili wako wote kwenda juu. Misuli ya mapaja inadai damu na moyo lazima uisukume. Ukizoea, moyo hutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na hata presha husaidika. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi kutwa kukata tiketi, waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Baadaye ikaonekana madereva walikuwa wanene zaidi tangu wanaajiriwa, kwa hiyo sikuambii ni ngazi peke yake. Lakini utafiti wa 2023 uliotumia taarifa za watu zaidi ya 450,000 wa Uingereza nao ulikuta wanaopanda vidato zaidi ya 50 hivi kwa siku wana hatari ndogo zaidi ya maradhi hayo.

Sasa hofu yangu. Moyo kwenda mbio ni kitu kimoja, kifua kubana ni kingine kabisa. Ukihisi kifua kimekandamizwa kama kimewekewa jiwe, au maumivu yanakwenda kwenye taya au mkono, au jasho la baridi na kizunguzungu, keti hapo hapo kwenye kidato. Usiseme imebaki ghorofa moja. Yakipoa ukipumzika, bado nenda kwa daktari, kwa sababu mishipa iliyoziba nusu mara nyingi hujionyesha pale moyo unapodaiwa kazi tu. Yasipopoa ndani ya dakika chache, ita gari la wagonjwa, wala usijiendeshe.

Na usikimbie ngazi. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akijitutumua ghafla, hapo ndipo moyo unapoweza kumgeuka. Anza na ghorofa 2, zilizobaki panda lifti, uongeze moja mwili ukizoea. Pumua, usibane pumzi.

Kushuka ni kazi ndogo kwa moyo lakini nzito kwa magoti, na wengi huanguka wakishuka. Simu iwe mfukoni, mkono kwenye reli. Goti lako likiuma, shuka kwa lifti bila aibu yoyote.

Kabla hujaanza kapime presha, kwa sababu babu yako alikuwa nayo na hakujua. Ukishapima niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Mama yako