Nipime tezi dume au niache?

Wiki hii nimejaza safu na barua tatu za jambo moja maana meseji zimezidi, na kama kawaida za wanaume zinaingia saa sita usiku, mchana hamna anayeuliza.

SWALI: Dada daktari habari za kazi, mimi fundi seremala hapa Tanga nina miaka 57, sina tatizo lolote, usiku naamka mara moja tu kukojoa na hiyo tangu ujana kwa sababu ya chai. Sasa kijana wangu yupo Leicester Uingereza kanitumia klipu ya yule mwendesha baiskeli wa olimpiki mwenye kansa ya tezi dume anasema wanaume tupime, kijana kang'ang'ana baba nenda kapime, na mwezi ujao kuna watu wanakuja kupima bure sokoni. Lakini jirani yangu mstaafu wa bandari anasema wazungu wenyewe wameshakikataa hicho kipimo, wameona kinaharibu watu, ukishapimwa unaingizwa kwenye mambo ya kukatwa na ukitoka huko ndoa imekwisha. Na mambo ya kidole mi kwa kweli siwezi. Nani mkweli, kijana au jirani?

JIBU: Shikamoo kaka. Wote wawili wakweli, na ndo maana hata madaktari wanagombana.

Tuanze na kidole, kile cha dokta kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, tukimalize. Kwa mtu asiye na dalili kama wewe, kidole peke yake siku hizi hakihesabiki kuwa kipimo cha kutafutia kansa, miongozo mingi imeshakiacha maana kinakosa kansa nyingi za mwanzoni. Kinabaki kwa mwenye dalili, hapo dokta akikihitaji mwache afanye kazi yake, ni sekunde chache. Kwako wewe tunazungumzia damu ya mkononi, PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi, vijiwe vimeligeuza utani hadi watu wanakufa nalo.

Huyo wa kwenye klipu nadhani ni Chris Hoy, medali sita za dhahabu. Alienda hospitali kwa maumivu ya bega akakutwa kansa imeshafika kwenye mifupa na hakuwa hata na miaka 50. Ila kuna kitu klipu fupi huwa zinakiruka, baba yake na babu yake walishaugua ugonjwa huohuo. Shika hilo nitalirudia.

Sasa jirani. Hajatunga. Marekani walianza kutumia PSA kutafutia kansa kwa kibali rasmi mwaka 1994, wakapima wanaume mamilioni, na mwaka 2012 jopo lao la wataalamu wa kinga likasema acheni, kwa umri wowote, madhara yamezidi faida. Mpaka Richard Ablin, mmoja wa waliogundua hiyo protini mwaka 1970, aliandika gazetini 2010 akilaumu jinsi inavyotumika. Lakini jirani yako kaishia hapo, habari iliendelea. Mwaka 2018 jopo lilelile likarudi likalegeza, wenye miaka 55 mpaka 69 kila mtu akae na daktari wake aamue mwenyewe, wa 70 kwenda juu wasipimwe kama hawana dalili. Wewe na 57 yako upo katikati kabisa ya hao wanaoambiwa amua.

Kwa nini wamekuwa wakigeukageuka hivo? We ni fundi utanielewa. Kuna mbao ina bungua, yule mdudu wa kula mbao, inatoa unga kidogokidogo miaka 30 na kiti kinamzika mwenyewe. Na kuna mlango umeingia mchwa, miezi michache ukiusukuma umebaki rangi tu. Kansa ya tezi dume ina tabia zote mbili, na ya aina ya bungua ni nyingi mno, wazee wa zaidi ya miaka 80 waliokufa kwa mambo mengine wakichunguzwa zaidi ya nusu wanakutwa nayo na hawakuwahi kujua. PSA inachokwambia ni kwamba kuna unga chini ya kiti. Haikwambii nani kautoa. Na mara nyingi hata siyo mdudu, kati ya wanne waliokutwa nayo juu kama watatu hawana kansa kabisa, tezi imekua tu kwa umri au kuna maambukizi. Halafu mmoja kati ya saba wenye PSA nzuri anaweza kuwa na kansa. Hapo ndo utaona kwa nini kipimo hiki si kama cha malaria.

Utafiti mkubwa wa Ulaya, ule wa nchi kadhaa ulioanza miaka ya 90, umefuatilia watu miaka 23 na matokeo yametoka 2025. Vifo vya kansa hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa waliokuwa wanaitwa kupimwa. Ukitaka kuiona kwa macho, jaza msikiti wa Ijumaa wanaume 456, waite wapimwe kwa miaka yote hiyo, mmoja hatokufa na kansa ya tezi dume ambaye angekufa. Na kwa huyo mmoja kuna kama 12 wa ziada wanaogunduliwa kuwa na kansa. Mmoja kaokoka kweli, huyo mke wake hakwambii kipimo kibaya. Lakini wengi katika hao 12 wangeishi na bungua wao mpaka siku yao na wasijue, sasa wamejua, na mtu akishaambiwa ana kansa hakai kimya, anataka itolewe leo.

Na kutolewa kuna bei, hapo kwenye ndoa jirani hajakosea sana. Uingereza walichukua wanaume 1,643 waliogundulika mapema wakawagawa, wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15 katika kila kundi kama 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa na kansa hiyo. Kila kundi kaka, hata wale waliofuatiliwa tu, ingawa kwao kansa ilisambaa zaidi na wengi waliishia kutibiwa baadaye. Ila kati ya mwaka wa 7 na wa 12 karibu mmoja kati ya wanne waliopasuliwa alikuwa bado anavaa pedi ya mkojo, na nguvu za kiume kwa wengi hazikurudi kama zamani. Kwa hiyo madhara mengi hayatoki kwenye sindano ya damu, yanatoka kwenye haraka inayokuja baada ya majibu.

Sasa mimi kinachoniuma, na hapa nasema kama mimi, hao wa utafiti wa Uingereza karibu wote walikuwa weupe. Wa Ulaya vivyo hivyo. Na kulekule Uingereza mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne ataipata katika maisha yake, kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Novemba 2025 kamati yao ya mambo ya kupima watu wasio na dalili ikatoa rasimu, kwamba wasipimwe wanaume wote, wapimwe wenye jeni mbovu ya BRCA tu, ya kurithi, miaka 45 hadi 61 kila baada ya miaka miwili, na kwa weusi ikasema ushahidi hautoshi. Ni kweli hautoshi. Hautoshi kwa sababu hatukuwemo kwenye utafiti! Wameanzisha mwingine mpya mkubwa na safari hii wanawatafuta weusi kwa makusudi, ila majibu yake ni ya miaka mingi ijayo na wewe una 57 leo.

Na ugomvi wa kule ni kugundua kupita kiasi, wa kwetu umegeuka kichwa chini. Huku wodini tunaletewa mzee kashawekewa mpira wa mkojo mara tatu, mgongo unauma mwaka mzima anachuliwa mafuta, miguu imeanza kufa ganzi, hapo kansa ipo mifupani na tunachobaki nacho ni kuipunguza kasi kwa sindano za kuzima homoni za kiume au kutoa korodani, na wengi wanaishia la pili kwa sababu sindano ni ghali na ni za muda mrefu. Daktari aliyeona wazee kumi wa namna hiyo ukimwambia Marekani walisema msipime atakutolea macho. Namwelewa, mimi mwenyewe natoa macho. Lakini simfuati mpaka mwisho, maana huyo mzee wa mpira hakukosa kipimo cha watu wenye afya wasio na dalili, alikuwa na dalili miaka miwili na alikaa nazo.

Kwa hiyo kaka yangu. Kwanza uliza nyumbani, baba yako, kaka zako, wajomba, nani alikufa na matatizo ya mkojo au mgongo, maana wazee wetu hawakuandikiwa kansa, walikufa na mgongo. Uliza na upande wa mama, kama kuna kansa za matiti au za ovari nyingi, ile BRCA inapita hata kwa wanawake. Ukikuta baba au kaka alikuwa nayo hatari yako ni kama mara mbili, na hapo mimi nakwambia pima bila kujadiliana sana.

Ukikuta hamna, bado kwa umri wako na kwa asili yetu naegemea upande wa kijana wako, pima. Ila siyo sokoni mpaka wakujibu. Nenda siku moja kabla waulize, namba ya PSA ikizidi 4 mnanipeleka wapi, nani atanipigia simu, kinyama cha tezi cha kupimwa kikitakiwa nani analipa, na je kuna picha ya MRI kabla ya kuchomwa sindano za kinyama au ndo moja kwa moja. MRI inawaepusha wengi wasichomwe bure. Wakikujibu vizuri kaa kwenye foleni. Wakikwambia mzee we pima tu majibu utapewa kikaratasi, rudi dukani kwako, utapima hospitali ya mkoa siku yako ukiwa na daktari mbele yako, hata kama utalipia. Usijifungulie mlango usiojua unatokea wapi.

Na ikitokea wamekuta kitu, usikubali kuharakishwa siku hiyohiyo. Askofu Tutu aligundulika 1997 akafa 2021 ana miaka 90. Mandela alipigwa mionzi 2001, ameishi mpaka 95. Hapa kwetu mionzi ipo Ocean Road Dar na Bugando Mwanza, kutoka Tanga ni basi la asubuhi tu mpaka Dar. Jirani msalimie, mwambie asome na ya 2018.

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yetu ana miaka 78, alipata kiharusi mwaka juzi, anatembea na fimbo. Kaka zetu walioko Muscat wametuma hela wanataka apimwe kila kitu, figo, moyo, tezi dume, yaani bodi nzima. Mkojo anapata vizuri, hana maumivu. Tumpeleke? Binti, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pimeni presha, sukari, mafuta kwenye damu, hivo ndo vitamletea kiharusi cha pili. PSA acheni. Kwa 78 na kiharusi juu yake ikitoka 9 mtafanya nini, mtampeleka kuchomwa kinyama? Hata ikiwepo kansa ya taratibu haitamkuta. Waambie kaka zako hiyo hela inatosha dawa za presha za mwaka na mtu wa mazoezi. Ila mkojo ukianza kukatika, ukitoka na damu au mifupa ikimuuma usiku, hapo mleteni haraka na umri wake tusiuangalie.

SWALI: Daktari salaam aleikum, mie ni wa bodaboda hapa Mombasa, miaka 49. Nilipimwa bure kwa hema fulani la watu wa afya PSA ikatoka 6.2, kijana aliyenipa karatasi akaniambia tu mzee hii ni kansa hii, hamna lingine. Nimekosa kula siku tatu, mke sijamwambia. Wakati ule nilikuwa naungua nikienda haja ndogo, wiki nzima. Kuna mtu ashaniuzia dawa ya mizizi ya tezi dume chupa mbili.

JIBU: Waaleikum salaam. Kula kwanza. Huyo kijana hana karatasi ya kusema alichosema, damu peke yake haijawahi kumwambia mtu ana kansa, kansa inasemwa na kinyama kilichoangaliwa kwa hadubini basi.

Wewe ulipimwa unaungua. Maambukizi ya njia ya mkojo yanapandisha PSA vizuri tu, hata hukutakiwa kupimwa siku hiyo, wangekuuliza swali moja wangejua. Nenda upime mkojo, ukitibiwa malizia dozi yote, halafu subiri wiki sita ndo urudie PSA maabara nzuri. Siku mbili kabla usikutane na mke na usifanye mazoezi ya nguvu, kuendesha baiskeli kwa nguvu kunaweza kuipandisha kidogo. Pikipiki sina ushahidi nayo ila siku mbili hizo mpe mwenzio, hakuna hasara. Kwa umri wako ikishuka chini ya 2.5 unakunywa chai. Ikibaki juu ya hapo au ikapanda, muone daktari wa njia ya mkojo, uliza MRI, na usiache maana 49 ni mapema na mapema ndo kuzuri kushika mchwa.

Mke mwambie leo. Na zile chupa usizinywe kabla ya kurudia kipimo, zibebe na kibandiko chake mpaka kwa daktari ajue kilichomo, kuna dawa za hospitali za tezi zinazoishusha PSA nusu nzima ikaonekana nzuri na siyo nzuri, na sijui huyo muuzaji kachanganya nini.