Unataka kutengeneza muvi ya mzimu? Weka damu ya bandia pembeni kwanza

Madogo mnaoingia kwenye muvi za kutisha nawapenda bure ila tuongee kidogo. Kila skripti nayoletewa siku hizi jini ametokea ukurasa wa tatu, macho mekundu, makucha, anacheka ile hahaha yake mpaka spika zinakoroma, sasa nakuuliza, kama mapema hivyo nshamwona sura yote, hilo saa zima lililobaki naogopa nini?

Kabla hujatafuta mtu wa mekapu andika sheria za mzimu wako. Anaweza nini, hawezi nini, anamfuata nani na kwa nini huyo asimfuate jirani. Wakubwa mnaikumbuka popobawa ya 1995, lile jini lililosemekana kuvamia watu usiku, ilianzia Pemba ikaja Unguja mpaka watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Hakuna aliyekuwa na picha yake, lakini sheria zake mtaa mzima walikuwa wanazijua, anakujia umelala ndani, na akishakutokea lazima ukawaambie watu, ukinyamaza anarudi. Ona hiyo ya pili ilivyo na akili, yaani aliyetokewa ndo anakuwa msambazaji. Halafu kaangalie Ringu ya Hideo Nakata, Japani 1998, ukiangalia kaseti unakufa baada ya siku saba na kupona kwako ni kuikopi umwoneshe mtu mwingine. Pemba na Japani, mzimu ule ule anayetaka atangazwe! Na zile siku saba mtazamaji anazihesabu na wewe, kwa hiyo hata sini ya mtu anakunywa chai tu ina presha, maana kichwani zimebaki mbili.

Alafu yule Sadako, mzimu wa kwenye Ringu, wengi mnadhani ule mwendo wake ni kompyuta. Mwigizaji alitembea kinyumenyume wakaigeuza ile picha icheze kwa kurudi nyuma, ndo maana unamwona anakuja mbele lakini mwili kama unakataa. Hiyo unaifanya hata kesho na simu yako. Na uso wake hawakuonyeshi, unapewa jicho tu, tena mwishoni huko.

Kamera sasa. Paranormal Activity ya 2007, Oren Peli aliipiga nyumbani kwake mwenyewe kwa kama dola 15,000. Usiku kamera iko kwenye stendi chumbani, watu wamelala, haigeuki wala haisogei, saa inakimbia pale pembeni. Kwa vile hakuna anayekuonyesha pa kuangalia unaanza kutafuta mwenyewe, mlangoni, kwenye korido, kwenye shuka, na ukishaanza kutafuta basi umeshaogopa hata kama hakuna kitu. Nyie mnaozumu kwenye kila mlango unaolia mnamnyima mtu hiyo kazi, acheni jamani.

Saundi ndo naona mnaidharau kuliko vyote. Ule mlio wa ghafla, BAAAH, unashtua kweli, lakini hata upepo ukibamiza mlango nashtuka na sekunde mbili baadae nacheka. Weka mmoja, ukizidi sana miwili. Katika The Haunting ya Robert Wise, 1963, vinagongwa vishindo huko korido vinasogea mpaka mlangoni, mbao za mlango zinavimba kwa ndani, na aliyeko nje humwoni mpaka muvi inaisha. Sisi kwetu tuna kitu kizuri zaidi, usiku wetu haujawahi kunyamaza, kuna vyura, nyenje, mbwa, jenereta la mtu, baa ya mbali inapiga rumba. Viache vilie dakika nzima mtu avizoee, uvikate vyote kwa mpigo, hapo hata bibi yangu atakaa sawa kwenye kiti. Ila ili uweze kuvikata lazima uwe umevirekodi peke yake, kwa hiyo mkimaliza kushuti waambie watu wanyamaze, zima feni, rekodi mahali hapo dakika tatu hivi bila mtu kuongea, watakununia maana saa nane usiku kila mtu anataka kulala, wewe rekodi tu.

Damu sina la kusema, paka kidogo.

Kwenye editi muziki uje mwisho kabisa. Iangalie kwanza kavu, na uikague na mtu ambaye skripti hajaisoma, akishika simu katikati ya sini jua ni sini gani ya kurudia.