Mbingu nyeupe, mbona mwanangu anabanwa kifua?

SWALI: Dada Muuguzi, salaam. Tunaishi Houston, Texas. Mwanangu wa miaka 11 ana pumu. Kila kiangazi akitoka mazoezi ya mpira saa 11 jioni anakohoa, kifua kinapiga miluzi, ilhali sioni vumbi wala moshi. Jirani anasema nimvalishe barakoa, tena ameniletea mashine ya kutoa ozoni, eti inasafisha hewa ya chumbani. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

JIBU: Pole sana, mama. Kabla hujasoma zaidi, kaichomoe hiyo mashine. Gesi inayoitoa chumbani ndiyo hiyohiyo inayomkohoza mwanao uwanjani. Ozoni iliyo juu kabisa angani inatukinga na mionzi ya jua, lakini ikiingia puani inachoma mirija ya hewa. California ilianza mwaka 2010 kuzuia visafisha hewa vya nyumbani vinavyotoa ozoni kupita kiwango kidogo mno, na kwa maoni yangu kila mahali pangefuata. Ukitaka kifaa cha kusafisha hewa, nunua chenye chujio la HEPA, yaani linalonasa chembe ndogo sana, na kisichotoa ozoni.

Sasa huko nje. Houston ina magari mengi, na viwanda vya kusafisha mafuta vimejipanga kando ya mfereji wa meli. Gesi zao zikipigwa na jua kali huzaa ozoni. Asubuhi huwa kidogo, kisha inapanda na joto mpaka alasiri na jioni, saa zilezile za mazoezi. Kwa macho huioni. Na mtoto anayekimbia anahema kwa mdomo, pumzi nzito, anaivuta hadi ndani kabisa ya mapafu. Mirija inavimba, na kikohozi kikitulia uvimbe waweza kubaki.

Utafiti wa watoto wa kusini mwa California uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kwenye miji yenye ozoni nyingi, waliocheza michezo mitatu au zaidi walipata pumu mpya mara tatu hivi kuliko wasiocheza. Simaanishi aache mpira, hapana! Mapafu yake yanauhitaji. Nendeni wazazi wawili watatu kwa kocha, mwombe mazoezi yawe saa 2 asubuhi.

Barakoa ya N95 hunasa chembechembe, kwa mfano moshi wa msitu unaoungua. Ozoni ni gesi, inapita. Afadhali utazame AirNow, programu inayoonyesha uchafu wa hewa, kwenye simu kabla hajafunga viatu. Ikionyesha rangi ya chungwa, yaani kipimo cha uchafu cha 101 hadi 150, mwenye pumu achezee ndani, madirisha yamefungwa.

Kinachoniuma zaidi ni pampu ya kinga kuachwa mtoto akipata nafuu. Kama daktari alimwandikia ya kila siku, avute kila siku, hata akiwa mzima. Ile ya kufungua kifua iwe kwenye begi lake la mpira, pamoja na kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa. Bila kichupa, dawa nyingi inaishia kooni.

Ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au hawezi kumaliza sentensi, mpe pampu ile ya kufungua kifua na piga 911, namba ya dharura, papo hapo. Kwa mtoto mweusi rangi ya uso haitoshi kukuonyesha: mfunue mdomo, utazame ufizi na ulimi. Vikiwa vya kijivu au buluu, piga 911 vilevile, usisubiri baba arudi kutoka kazini.